Picha Si Kipimo

 

Leo hatuna mapishi wala mshono mpya. Tuna kisa cha mkoba mmoja tulioushona wenyewe, na aibu iliyotufika kwa ajili yake. Tumekaa nacho miezi, mwisho tukaona bora tukiseme, kwani miongoni mwenu wako wengi walioanza kuchora kwa ajili ya biashara: wenye keki, wenye fulana, wenye vitabu vya watoto. Yaliyotufika sisi yanaweza kumfika yeyote.

Kwa wasiotujua, sisi ni wawili, wifi na wifi mwenziwe. Tulimaliza skuli ya sekondari, tukasomea ushoni, na huu ni mwaka wa nane tuna kibanda chetu cha kushonea hapa mjini Unguja. Mmoja wetu ana mkono wa kuchora, mwengine ana mkono wa charahani. Tunashona nguo za watoto, foronya na mikoba ya kitambaa, na juu yake tunabandika katuni tulizozichora wenyewe: mtoto anayekimbiza kuku, mama mwenye ndoo kichwani, mzee juu ya baskeli. Tunakata umbo kwa vitambaa vya rangi, tunalishonea juu, kisha tunadarizi mistari michache. Basi.

Swali tunaloulizwa sana ni hili: "Mnachora kutoka kichwani au mnatazama picha?" Wengine huuliza kwa sauti ya kutukamata, kama kwamba kutazama picha ni kuibia mtihani. Jawabu letu ni kuwa tunatazama picha, tena nyingi. Ila tunavyozitazama leo sivyo tulivyokuwa tukizitazama mwanzo, na hapo ndipo kisa kilipo.

Katuni zisizo na uso

Kwanza tueleze kwa nini katuni zetu hazina macho, pua wala mdomo. Mnajua suala la kuchora viumbe wenye roho lina maneno mengi katika dini yetu, na wanazuoni wamekhitalifiana. Wako wanaokataza kabisa kuchora kwa mkono, wako wanaolegeza kwa vitu vya watoto, na wako wanaotazama picha imechorwa kwa makusudio gani. Tulimuuliza mwalimu wetu wa darsa, akatueleza kauli hizo zote kwa utulivu, na sisi tukachagua ile iliyotupa raha ya moyo: tunachora umbo la mtu bila ya sura. Aliyechagua vyengine hatumlaumu, na aliyeacha kabisa tunamheshimu.

Lakini jaribuni kuchora mtu asiye na uso muone kazi yake. Mchoraji mwengine akitaka mtu acheke, anampa mdomo wa mwezi mwandamo, imekwisha. Sisi hatuna mdomo. Furaha, uchovu, haraka, haya, vyote vinatakiwa vikae kwenye mgongo, shingo, kiwiko na namna khanga ilivyofungwa. Na mwili wa mtu huwezi kuukisia. Unadhani unaujua kwa kuwa unauona kila siku, ukikamata kalamu ndipo unagundua hujawahi kuutazama.

Mama wetu wa mwanzo wa mwani tulimchora kutoka kichwani. Wallahi alikuwa kama mtu aliyeangusha sarafu sebuleni. Magoti amekunja kidogo, mikono mbele, khanga safi imenyooka kama imetoka kupigwa pasi. Mteja mmoja akatuuliza, "Huyu anatafuta nini?"

Hapo ndipo tulipoanza kutazama picha. Kilimo cha mwani kilishika kasi kwetu mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, na wengi wanaokifanya ni wanawake. Kazi yenyewe hufanywa maji yakitoka sana, wakati wa bamvua, na saa ni chache kabla hayajarudi. Ukizitazama picha za kina mama wale utaona hawakunji magoti kama tulivyodhani. Wanainama kutokea nyongani, miguu imepanuka ili mchanga usiwateleze. Khanga iliyorowa imewaganda miguuni na imekuwa nyeusi, ya juu ambayo ni kavu inapeperuka na upepo. Mistari mitatu tu: mgongo, mguu, upepo. Tulipoipata ile mistari mitatu, hakuna tena aliyetuuliza mama yule anatafuta nini.

Kwa hiyo anayekwambia kuwa mchoraji wa katuni hahitaji picha kwa sababu "katuni si kitu cha kweli", usimsikilize. Katuni inapunguza, na huwezi kupunguza usichokijua. Huko Marekani, walipokuwa wakitengeneza filamu ya Snow White and the Seven Dwarfs iliyotoka mwaka 1937, kampuni ya Disney ilimpiga filamu msichana mcheza dansi, Marge Champion, akitembea na kuzungusha gauni, ili wachoraji waone mwili na nguo vinavyokwenda. Lakini Snow White si Marge Champion. Kichwa chake wamekikuza kuliko cha mtu wa kweli, kwani kufuata filamu mstari kwa mstari hutoa mtu mkavu asiye na uhai. Na Hergé, yule Mbelgiji aliyemchora Tintin, alikuwa akijiwekea hazina ya picha za magari, meli na ndege. Uso wa Tintin ni duara na nukta mbili za macho, lakini gari analolipanda unaweza kulitambua ni gari gani.

Sisi mafundi cherehani tungepaswa kulielewa hili kabla ya wote. Mteja anakuja na simu, anakuonyesha gauni la harusi la mwanamke wa Dubai, anasema, "Nishonee hivi hivi." Ukikata kitambaa kwa kuifuata ile picha, gauni halimwingii. Picha inakwambia shingo ikoje, mkono umemwagika vipi, marinda yanaanzia wapi. Kipimo unakichukua kwa yule aliyesimama mbele yako. Picha si kipimo. Tunawaambia wanafunzi wetu wa ushoni neno hili kila wiki, na juu ya meza ya kuchorea tukalisahau.

Mkoba wa mama wa mwani

Mwaka juzi iliingia picha kwenye kundi moja la simu, imetumwa na mtu aliyetumiwa na mtu. Ni mwanamke kwenye mwani, ameonekana kwa nyuma na ubavuni, uso hauonekani. Ameinama, mkono mmoja umeshika kamba, wa pili ameubana kiunoni, na mguu wa kushoto ameutoa nje kidogo. Ilikuwa picha nzuri sana. Tuliona tu na sote wawili tukasema, huyu ndiye.

Hatukuitazama tukajifunza. Tuliiweka karatasi juu yake tukapitisha kalamu. Kisha tukafanya yale ambayo katuni hufanya: kilichopinda tukakipinda zaidi, kiuno tukakikuza, ule mguu tukautoa nje zaidi ili umbo lipendeze. Tukashona mikoba 60. Ikatoka upesi kuliko kitu chochote tulichowahi kukishona, wageni na wenyeji. Watu walikuwa wakiutazama na kucheka, kicheko kizuri tulidhani, wakisema, "Maskini, kiuno kimemshika!" Na sisi tukicheka nao.

Siku moja baada ya sala ya laasiri akaingia dada mmoja wa rika letu. Alisalimia vizuri. Akautoa mkoba mmoja ukutani, akaushika kwa mikono miwili, akawa haongei. Tukadhani anaangalia bei. Kisha akasema, "Huyu ni mama yangu."

Tulimjibu haraka, na jawabu letu hadi leo linatuumiza. Tulisema, "Dada, huyu hana uso."

Akasema, "Mama simjui kwa uso peke yake. Mguu huu ndio anavyoutoa tangu alipoanguka kwenye ngazi. Na mkono huu hauondoi kiunoni. Kijijini wote wamemjua. Wanampitia mlangoni na mkoba, wanamwambia umeuzwa mjini."

Hakupiga kelele. Aliurudisha mkoba ukutani, akaunyoosha ukae sawa, akatoka. Tulibaki tumekaa, charahani zimenyamaza, mpaka adhana ya magharibi.

Sisi tulikuwa tumejivunia kutokuchora uso. Tulidhani tusipomwekea mtu macho tumemsitiri. Kumbe tumemvua. Sura ya mtu inaweza kufanana na ya mwengine, lakini maumivu yake anayabeba kwa namna yake mwenyewe, na sisi tulichokinakili ni yale maumivu.

Tulikwenda kwa mwalimu wetu wa darsa tukidhani atatuliza. Alitusikiliza, kisha akatukumbusha jambo ambalo tulishalisoma: kuwa ghiba si ya ulimi peke yake. Imam Ghazali na Imam Nawawi wameeleza kuwa hata kumuigiza mtu kwa ishara, kama kutembea kwa kuchechemea anavyochechemea yeye, ni katika kumsengenya. Akatuuliza, "Nyinyi mmechechemea kwa sindano. Mikoba mingapi?" Tukamwambia imeshatoka 49. Akasema, "Basi nendeni kwake, si kwangu."

Kwa mwenyewe

Tulimtafuta yule dada, akakubali kutupeleka. Tulipanda gari la shamba asubuhi, njia nzima hatuna mazungumzo. Mama tulimkuta barazani, anafunga mbegu za mwani kwenye kamba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Karibuni, kaeni."

Tulijitambulisha. Tulimuomba radhi. Tulikuwa tumepanga maneno mengi, yote yakatutoka. Aliuomba mkoba auone, akautazama kwa muda. Kisha akasema, "Mmeweza. Ni mimi kweli." Halafu akasema, "Mngeliniuliza, ningelikwambieni mnichore siku nyengine. Siku ile kiuno kilikuwa kinaniuma, nilitaka kurudi nyumbani, lakini maji yalikuwa mazuri."

Hatukuwa na la kujibu. Tulitoa bahasha, ndani tumetia faida yote ya ile mikoba. Tulidhani ataikataa, na kusema kweli tulikuwa tumejiandaa kumbembeleza. Aliipokea. Akasema, "Hii nitaichukua kwa sababu ni haki yangu. Si ya kusamehe hii. Kusamehe nimeshasamehe." Tukamuuliza anataka nini kuhusu iliyobaki. Akasema, "Ifumueni."

Tukarudi tukaifumua, mikoba 11, mshono mmoja mmoja. Aliyewahi kufumua anajua, kufumua ni kazi ndefu kuliko kushona. Zile 49 hatuwezi kuzirudisha. Tukiiona mmoja begani kwa mtu sokoni, moyo unaruka mpaka leo. Na yule binti yake akipita dukani anatusalimia, lakini hanunui kitu. Hatumlaumu.

Tunavyofanya sasa

Hatujaacha kutazama picha. Tungeacha, tungerudi kwa yule mama wa sarafu sebuleni. Tumebadilisha namna, na hizi ndizo taratibu zetu, zichukueni kama zitakufaeni.

Kwanza, picha tunapiga wenyewe, na anayepigwa ni sisi wenyewe kwa wenyewe. Mmoja anafunga khanga, anabeba ndoo, anainama uani, mwengine anapiga. Tukitaka mtu mwengine, tunamuomba, tunamuonyesha picha kabla ya kuchora, na akisema hapana ni hapana.

Pili, unapopiga usimsogelee mtu sana. Simu ikiwa karibu hukuza kilicho mbele: goti linakuwa kubwa kuliko kichwa, na wewe utalichora hivyo ukidhani ndivyo lilivyo. Rudi nyuma hatua nne au tano, simu iwe usawa wa kiuno chake, na mwanga umpige ubavuni ili mikunjo ya nguo ionekane.

Tatu, usitegemee picha moja. Tunapiga tano, sita, za pembe mbalimbali. Picha moja inakufanya unakili mtu, picha sita zinakufundisha kuinama.

Nne, na hii ndiyo kubwa: tunazitazama kama dakika kumi, tunasema kwa mdomo tunachokiona. "Uzito uko mguu wa kulia. Bega la kushoto limeshuka. Khanga imevutwa kutokea fundoni." Kisha tunaigeuza simu kifudifudi ndipo tunachora. Tukikwama tunaitazama tena, tunaigeuza tena. Kitakachobaki kichwani ndicho cha katuni. Karatasi juu ya picha tumeacha.

Tano, tunampima katuni wetu kwa kipimo chake mwenyewe. Mtu mzima wa kawaida urefu wake ni kama vichwa saba na nusu vikipangwa. Watu wetu wana vichwa vitatu tu, wafupi, mikono minene, kwa sababu mistari myembamba huchanika kwenye kitambaa. Tukishamaliza tunakata umbo zima kwa kitambaa cheusi, tunamuonyesha mtoto wa jirani: "Huyu anafanya nini?" Akijua, tunashona. Asipojua, tunarudi kwenye picha.

Sita, tunajiuliza: kuna mtu mmoja duniani anayeweza kuutazama mkoba huu akasema, "Huyu ni mama yangu"? Kama yuko, na hatujamuomba, mkoba hautoki.

Na msisahau kuwa kila picha ina watu wawili, aliyepigwa na aliyepiga. Ile tuliyoichukua sisi hadi leo hatujui aliipiga nani, na hatukuwahi hata kuuliza. Watu wazima wamefikishana mahakamani kwa hilo. Mpiga picha Lynn Goldsmith alimpiga mwanamuziki Prince mwaka 1981, Andy Warhol akaitumia picha ile kutengeneza michoro yake, na mwaka 2023 Mahakama Kuu kabisa ya Marekani ikampa haki Goldsmith dhidi ya taasisi ya Warhol, baada ya mchoro mmoja kukodishwa kwa jarida. Kama jina kubwa kama la Warhol halikutosha, kibanda chetu kitatosha?

Mama wa mwani tunaye tena sasa, mpya. Amesimama wima, kamba begani, uso hana, upepo unamvuta khanga. Aliyesimama uani ili tumpate ni mmoja wetu, na hatutakwambieni ni nani. Hatoki kwa wingi kama yule wa mwanzo. Lakini tunapomtundika ukutani hatuogopi nani ataingia mlangoni.

Dada zetu, ukishika picha ya mtu umeshika amana. Jifunze kwayo, kisha mrudishie mwenyewe mwili wake.

Wiki ijayo in sha Allah tutarudi kwenye mshono, tutazungumzia namna ya kukata mkono wa kumwagika bila ya kupoteza kitambaa. Wabillahi tawfiq.